Maji ya Wipa Katika Majira ya Baridi: Namna ya Kuchagua Kimiminiko Kisichoganda wala Kudhuru Rangi ya Gari

Tuanze na hesabu fupi. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 katika kila sekunde. Iwapo kioo chake cha mbele kitafunikwa ghafla na utando mweupe kwa muda wa sekunde 4 tu, dereva atakuwa amekwenda mita 100, yaani karibu urefu wa kiwanja cha mpira, bila kuona kilicho mbele yake.

Katika nchi za baridi kali, kama vile Canada, Sweden na sehemu za kaskazini za Marekani na Japani, ajali ya namna hii haihitaji dereva mlevi wala mzembe. Barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Lori lililotangulia hurusha nyuma yake mvua ya maji ya chumvi, udongo na masizi. Dereva hubonyeza swichi ili kioo kioshwe; lakini kama tangi limejazwa maji matupu, ama hayatoki kabisa kwa kuwa yameganda ndani ya mpira, ama hutoka na kuganda pale pale yanapokigusa kioo. Wipa hupita juu ya barafu na kuitandaza. Njia haionekani tena.

Kwa sababu hiyo watu wa nchi hizo hununua kimiminiko maalumu, ambacho katika makala haya tutakiita maji ya wipa. Madukani huwa na aina nyingi, na mnunuzi hujiuliza maswali matatu: Je, hayataganda? Je, hayataharibu rangi ya gari? Na je, ni salama kwa watu wa nyumbani? Majibu yote matatu yamo ndani ya kemia na fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

1. Kazi ya maji ya wipa

Maji matupu hayafai sana kuosha kioo hata pasipo baridi. Molekuli za maji huvutana kwa nguvu, na mvutano huo juu ya uso wa maji huyafanya yajikusanye katika matone badala ya kutandaa. Uchafu wa barabarani nao una mafuta, ambayo hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo watengenezaji huongeza kiasi kidogo sana cha sabuni ya kikemikali. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ncha hizo hulishika tone la mafuta na kulibeba pamoja na maji, na wakati huo huo hupunguza mvutano wa uso ili maji yatandae.

Kwa nchi za baridi huongezwa kitu cha pili: alkoholi. Inayotumika ni methanoli, ethanoli au isopropanoli. Kazi yake kubwa ni kushusha kiwango cha kuganda.

2. Kwa nini mmumunyo huganda kwa shida

Barafu hujengwa kwa molekuli za maji peke yake, zikiwa zimepangwa kwa utaratibu maalumu. Katika halijoto ya 0 °C, molekuli zinazojiunga na barafu na zile zinazobanduka kutoka kwayo huwa sawa kwa idadi. Sasa tukitia alkoholi majini, baadhi ya nafasi zilizo kandokando ya barafu hushikwa na molekuli ngeni zisizoweza kujiunga na jengo lile. Molekuli za maji zinazojiunga hupungua, ilhali zinazobanduka hazipungui. Ili uwiano urudi ni lazima halijoto ishuke zaidi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, wala si uzito wake. Kila moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86. Kanuni hii ni sahihi kwa mimumunyo myepesi. Kwa mimumunyo mizito hutupa makadirio tu, lakini makadirio yenye manufaa.

Tuchukue moli 10 za kila alkoholi katika kilo moja ya maji. Kwa kanuni yetu, kila mmumunyo utaganda karibu na −18.6 °C. Lakini moli 10 za methanoli zina uzito wa gramu 320, za ethanoli gramu 460, na za isopropanoli gramu 600. Hapo tunaona mara moja kwa nini watengenezaji wengi wameipenda methanoli: molekuli yake ni nyepesi kuliko zote, hivyo kwa uzito ule ule hutoa chembe nyingi zaidi, na gharama yake ni ndogo. Tutaona baadaye ubaya uliojificha ndani ya unafuu huo.

Kanuni hiyo hiyo hutusaidia kupima ushauri unaopitishwa mdomo kwa mdomo. Wako wanaosema kuwa siki ya jikoni yatosha kuzuia barafu. Siki huwa na asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, yaani chini ya moli moja katika kilo moja ya maji. Hata isipozimuliwa, itashusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi zisizozidi 2. Usiku wa −10 °C, siki hiyo itaganda. Chumvi ya kupikia, kwa upande wake, ingeweza kushusha kiwango hadi −21 °C. Lakini ingeacha ukungu mweupe kiooni na kuchochea kutu, mambo yale yale ambayo dereva anajaribu kuyaepuka.

3. Namba ya chupani na hali ya kiooni

Mnunuzi huona kwenye chupa namba kama −20 na kudhani kuwa amekwisha pata jibu. Yampasa kwanza aulize: ni −20 ya kipimo gani? Chupa za Ulaya hutumia Sentigredi. Chupa za Marekani hutumia Farenhaiti, na −20 °F ni sawa na karibu −29 °C. Kadhalika 0 °F si kiwango cha kuganda maji, bali ni karibu −18 °C.

Pili, namba hiyo huhusu kimiminiko kilichotulia chupani, wala si utando mwembamba uliotandazwa juu ya kioo na kupigwa na upepo. Methanoli huchemka katika 64.7 °C, ethanoli katika 78.3 °C na isopropanoli katika 82.5 °C, ilhali maji huchemka katika 100 °C. Kwa hiyo alkoholi huwahi kupotea hewani kuliko maji. Tuseme mmumunyo wetu wa gramu 320 za methanoli umerushwa kiooni, na nusu ya methanoli yake ikapotea. Zitabaki moli 5, na kiwango cha kuganda kitapanda hadi karibu −9 °C. Kama hewa ya nje ni −12 °C, kimiminiko kilichokuwa salama tangini kitaganda kiooni. Tena, kila kitu kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka mahali kilipo, kama tunavyohisi ubaridi spiriti inapopakwa mkononi. Kioo huzidi kupoa.

Ndiyo sababu madereva wenye uzoefu huchagua maji ya wipa yenye namba iliyo chini sana kuliko baridi wanayoitazamia, na hukipasha kioo moto kwa hewa ya ndani ya gari kabla ya kubonyeza swichi.

Tatu, kuna hatari ya kuzimua bila kujua. Ikiwa tangi lilibakiza nusu yake ya maji matupu ya majira ya joto, na nusu nyingine ikajazwa mmumunyo wetu wa −18.6 °C, mchanganyiko utaganda karibu na −8 °C. Afadhali maji ya zamani yamalizwe kwanza, kisha swichi ibonyezwe mpaka kimiminiko kipya kifike kwenye mipira na matundu ya kurushia.

4. Rangi ya gari imejengwaje?

Sasa tuingie katika swali la pili. Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja, bali ni matabaka kadhaa. Bati kwanza hutiwa dawa ya kuzuia kutu. Juu yake hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho vanishi angavu inayoleta mng'ao na kukinga vilivyo chini yake. Unene wa matabaka yote kwa pamoja ni kama mikromita 100 hadi 150 hivi, yaani haupiti sana unene wa karatasi ya kuandikia. Watu wengi hupaka nta juu ya yote.

Vanishi ya kisasa hutengenezwa kwa molekuli ndefu zilizofungamanishwa kama nyuzi za wavu. Mfano wa nyumbani utatusaidia. Yai bichi ukilitia majini na kulikoroga, huchanganyika. Yai lililochemshwa halichanganyiki tena, kwani molekuli zake zimekwisha fungamana. Rangi za magari ya kale zilifanana na yai bichi: zilikauka kwa kupotea kwa kimumunyishi tu, na kikirudi kimumunyishi cha kufaa zililainika tena. Rangi ya kisasa iliyopikwa kiwandani hufanana na yai lililochemshwa. Tone la maji ya wipa yenye alkoholi, likipita juu yake na kukauka, haliwezi kuiyeyusha.

Je, basi hofu ya wenye magari haina msingi? Ina msingi, lakini mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Yafaa tutaje hali zenye madhara ya kweli.

5. Vitu vinavyodhuru rangi

Hali ya kwanza ni kimiminiko kikali kisichozimuliwa. Maji ya wipa huuzwa ama yakiwa tayari, ama yakiwa makali ya kuzimuliwa nyumbani. Yale makali yakimwagika kwenye boneti na kuachwa yakauke, sabuni na alkoholi nyingi zilizomo huweza kuondoa nta na kuacha doa. Dawa yake ni rahisi: kumwagia maji mengi papo hapo.

Hali ya pili ni rangi changa. Gari lililopakwa rangi upya gereji huhitaji majuma kadhaa kabla rangi haijakomaa barabara. Katika muda huo wavu wa molekuli haujafungamana sawasawa, na alkoholi huweza kuulainisha. Magari ya kale yenye rangi ya laka yamo katika kundi hili siku zote.

Hali ya tatu ni asidi na besi. Siki tuliyoitaja, mbali na kutozuia barafu, ni asidi. Haifai kuachwa ikauke mara kwa mara juu ya vanishi na vipande vya chuma. Amonia, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo vya nyumba, ni besi, nayo huondoa nta. Maji ya wipa yaliyo bora huwa karibu na katikati, si asidi wala besi.

Hali ya nne ni sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo imetengenezwa makusudi ili ing'oe mafuta sahani ibaki tupu, na nta ya gari nayo ni jamaa ya mafuta. Ikitumiwa kila siku, huondoa kinga ya rangi kidogo kidogo, nayo chumvi ya barabarani hupata nafasi. Tena hutoa povu jingi na kuacha michirizi kiooni.

Hali ya tano ni kutumia dawa ya rejeta. Dawa hiyo huwa na glikoli, ambayo kweli huzuia kuganda, lakini haikauki upesi. Huacha utando wa kuteleza kiooni ambao usiku hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja. Pia ni sumu yenye ladha tamu, iliyokwisha ua mbwa na paka wengi.

Si rangi peke yake inayohitaji kulindwa. Taa za mbele za magari mengi ya kisasa zina kifuniko cha plastiki iitwayo polikaboneti. Plastiki hii ni imara ikigongwa, lakini baadhi ya vimumunyishi huweza kuitia nyufa ndogondogo. Kwa hiyo chupa nzuri hueleza waziwazi kwamba kimiminiko chake hakidhuru rangi, mpira wala polikaboneti.

6. Sumu iliyomo katika methanoli

Tulisema kuwa methanoli ni nafuu na yenye nguvu. Ubaya wake ni kwamba ni sumu kali. Mtu akiinywa, ini huigeuza kwanza kuwa formaldehidi na kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huharibu mishipa ya fahamu ya macho na kuvuruga upumuaji wa seli. Kiasi kidogo kama mililita 10 za methanoli safi kimepata kusababisha upofu, na mililita 30 zaweza kuua. Mara nyingi dalili hazionekani upesi. Mtu huonekana kama mlevi wa kawaida, kisha baada ya saa nyingi huanza kuona ukungu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hili. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu wengine walikufa nchini Kenya kwa sababu hiyo hiyo. Huko Ulaya nako walikuwapo watu waliokunywa maji ya wipa kama pombe ya bei nafuu. Kwa pendekezo la Poland, Umoja wa Ulaya ulikataza kuwauzia raia maji ya wipa yenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi kwa uzito, kuanzia tarehe 9 Mei 2019. Tangu hapo watengenezaji wa Ulaya hutumia zaidi ethanoli na isopropanoli. Marekani na Canada bado zinaruhusu methanoli, na maji mengi ya wipa ya huko huwa nayo.

Basi yafaa kanuni zifuatazo zishikwe bila kulegezwa. Maji ya wipa yasihamishwe kamwe kutoka chupa yake kwenda katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Rangi yake ya buluu au ya waridi huwavutia watoto. Yasivutwe kwa mdomo kwa njia ya mpira, kama wengine wafanyavyo kwa petroli. Na mtu aliyeyameza apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anajiona mzima.

7. Mpango wa kuchagua

Mnunuzi akiwa dukani na afuate utaratibu huu:

(a) Atazame namba ya halijoto na kipimo chake, kisha achague iliyo chini ya baridi kali kabisa ya mahali pake kwa nyuzi 10 za Sentigredi hivi.

(b) Atazame aina ya alkoholi. Penye uchaguzi, ethanoli au isopropanoli ni bora kuliko methanoli kwa nyumba yenye watoto.

(c) Atafute maelezo kwamba kimiminiko hakidhuru rangi, mpira na polikaboneti.

(d) Kama ni kikali, akizimue kwa jedwali la chupani, wala asikisie.

(e) Asichanganye aina mbili tofauti. Sabuni zake huweza kugombana na kufanya utelezi unaoziba matundu.

(f) Alioshe gari kwa maji mara kwa mara na kupaka nta kabla ya majira ya baridi. Adui mkubwa wa rangi katika majira hayo ni chumvi na mchanga, si maji ya wipa.

8. Je, haya yanatuhusu sisi wa nchi za joto?

Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, magari mengi yaliyotumika huletwa kwetu kutoka Japani, na huenda tangi lake likawa bado na kimiminiko cha huko. Fundi anayelimwaga na akumbuke yaliyosemwa kuhusu methanoli.

Pili, maji matupu yana hatari yake. Bakteria aitwaye Legionella, aliyetambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu mjini Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji ya vuguvugu yaliyotuama, hasa kati ya 20 °C na 45 °C. Tangi la wipa lililo karibu na injini ni makao yanayomfaa, na wipa huyarusha maji hayo kama ukungu unaoweza kuvutwa puani. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kuwa madereva waliotumia maji matupu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kuliko waliotia dawa ya kioo. Kwa hiyo hata pasipo theluji, yafaa kutia dawa ya kioo ya majira ya joto, na kutoyaacha maji ya zamani yalale tangini kwa miezi.

9. Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni ya idadi ya chembe bila kutumia alkoholi. Changanya sehemu tatu za barafu iliyopondwa na sehemu moja ya chumvi katika bika kubwa. Tayarisha mimumunyo mitatu, kila mmoja kwa gramu 100 za maji: wa kwanza gramu 34.2 za sukari, wa pili gramu 6.0 za mbolea ya urea, wa tatu gramu 5.85 za chumvi. Tia kidogo cha kila mmumunyo katika neli yake ya majaribio, na maji matupu katika neli ya nne. Zitumbukize katika bika, koroga polepole, na usome kipimajoto barafu ya kwanza inapotokea.

Sukari na urea, ingawa uzito wake hutofautiana sana, zitaganda karibu na −1.9 °C. Chumvi itashuka karibu mara mbili ya hapo, kwa kuwa kila kizio chake hugawanyika majini kuwa ioni mbili.

Maswali kwa wanafunzi

1. Ni halijoto gani ambayo namba yake ni moja katika Sentigredi na Farenhaiti?

2. Zahitajika gramu ngapi za ethanoli katika kilo 2 za maji ili mmumunyo ugande karibu na −9.3 °C?

3. Eleza kwa nini dereva aliye katika baridi ya −15 °C asitosheke na chupa iliyoandikwa −15 °C.